Eksirei za sinkrotroni kwenye chuma kinachopozwa ghafla: nini huharibu data?

Muulizaji: Wakuu, naandaa jaribio kwenye dilatometa (kifaa kinachopasha na kupoza sampuli huku kikipima urefu wake) iliyofungwa P07, kituo cha majaribio kwenye PETRA III, sinkrotroni (mashine inayozungusha elektroni ili zitoe eksirei kali) ya Hamburg. Chuma kina kaboni 0.4%, silinda ya kipenyo mm 4, urefu mm 10. Nishati ya eksirei ni 100 keV, kigunduzi mita 1 kutoka kwenye sampuli. Nataka kuona austeniti (umbo la chuma kikiwa na joto kali) ikigeuka martensiti (umbo gumu linalotokea kikipozwa ghafla) na kukadiria kaboni kwenye austeniti inayobaki. Nichunge nini?

Mpima_Pete: Unene usikusumbue: kwa 100 keV karibu 30% ya mionzi hupenya mm 4 za chuma. Chunga umbali. Sampuli ikisogea mm 1 kuelekea kigunduzi, pete (duara ambazo eksirei zilizotawanywa na sampuli huchora kwenye kigunduzi) hupungua 0.1%, na hesabu itakwambia kimia cha atomu (mpangilio wa atomu ndani ya chuma) kimepanuka 0.1%. Kwa austeniti hiyo ni sawa na joto kuzidi kama 45 °C, au kaboni kuzidi 0.1% hivi. Yaani unaweza "kugundua" kaboni isiyokuwepo! Rekebisha umbali kwa unga wa CeO2 (oksidi ya seriamu, ambayo kimia chake kinajulikana) mahali penyewe pa sampuli, kisha piga picha ya kila sampuli ikiwa bado baridi: kimia cha feriti (umbo la kawaida la chuma kikiwa baridi) lazima kisome karibu 2.866 Å (angstromu). Kisiposoma hivyo, sahihisha umbali kabla ya kuwasha koili ya kupashia.

Muulizaji: Sawa. Na kiasi cha austeniti nisome pete ya 111 ya austeniti dhidi ya 110 ya martensiti (namba zinazotaja tabaka za atomu zinazotoa kila pete)?

Mpima_Pete: Hapana. Zimeachana kama mm 1.4 tu pale kwenye kigunduzi, na pete za martensiti ni pana, zitapandana. Tumia 200, 220 na 311 za austeniti, na 200 na 211 za martensiti.

Punje_Kubwa: Ongeza hili: ukipasha hadi 1100 °C punje (fuwele ndogo zinazounda chuma) zinakua, pete zinakuwa nukta nukta na kiasi cha austeniti kinarukaruka kati ya picha na picha. Kama huhitaji joto hilo, ishia 900 °C kwa dakika 5. Kwenye dilatometa huwezi kuzungusha sampuli, kwa hiyo panua mwale wa eksirei hadi mm 1 × 1 ukamate punje nyingi zaidi.

Thamokapo_S: Picha 10 kwa sekunde, ukipoza kwa 50 °C kwa sekunde, ni 5 °C kila picha, usitarajie kutaja joto la kuanza kwa martensiti kwa usahihi zaidi ya hapo. Dilatometa yenyewe ndiyo ianzishe kigunduzi, maana ukilinganisha saa za kompyuta mbili utapotea. Mwale upite usawa wa thamokapo (waya za kupimia joto zilizochomelewa kwenye sampuli) lakini usiguse ncha iliyochomelewa, la sivyo pete za platini zitajichanganya na zako.