Mafundi wanaofunga vipuri kabla ya kupima: wenye magari yaliyotumika tumechoka kulipia ubahatishaji

Ndugu wanajukwaa,

Nafungua uzi huu nikiwa na hasira, wala sioni sababu ya kuificha, kwa kuwa jambo ninalolilalamikia limezoeleka hadi watu wanalichukulia kuwa ndio utaratibu wa kazi. Mwenye gari lililotumika akifika gereji na swali la kawaida kabisa, kwamba gari linachemka, betri inalala, taa ya injini imewaka au gari linakula mafuta kupita kiasi, hajibiwi swali lake. Anatajiwa kifaa cha kununua. Kifaa kikishafungwa na tatizo likabaki palepale, anatajiwa kingine, kisha kingine, na kila mara anayetoa fedha ni yeye. Hakuna aliyepima chochote, na hakuna aliyemweleza kwa nini kifaa hicho ndicho kinachoshukiwa na si kingine. Fundi amebahatisha kwa fedha za mteja, na akikosea, hasara haimgusi.

Tukihoji tunaambiwa kwamba gari ni la zamani, lina mambo mengi. Hilo silikubali. Ni kweli kwamba gari lililopita mikononi mwa wengine huja bila kumbukumbu kamili za matengenezo, na hujui lini lilibadilishwa oili ya giaboksi au kama liliwahi kuchemka hadi likazimika njiani. Lakini hiyo ni sababu ya kupima zaidi. Gari jipya unaweza kulikisia kwa sababu unajua lilikotoka. Hili letu kila kitu chake kinahitaji ushahidi.

Chukueni suala la injini kuchemka, kwa maana hapo ubahatishaji unaweza kuua injini nzima. Swali la kwanza ambalo fundi makini humuuliza mwenye gari ni kwamba linachemka wakati gani. Likipanda joto kwenye foleni na kushuka mara tu linaposhika mwendo, macho yaende kwenye feni, fyuzi yake, rilei yake na nyaya zake, kwa sababu gari likiwa kwenye mwendo upepo wa barabarani hufanya kazi iliyoishinda feni. Likiwa salama kwenye foleni lakini likapanda joto kwenye mwendo mkali au kwenye mlima mrefu, ushahidi unaelekea kwenye rejeta iliyoziba, pampu ya maji iliyochoka au themostati, yaani vali inayoruhusu maji ya injini kwenda kwenye rejeta, isiyofunguka kikamilifu. Swali hilo halihitaji mashine yoyote, halichukui hata dakika moja, na wateja wengi hawaulizwi kabisa.

Badala yake, kinachofanywa haraka ni kung'oa themostati na kulirudisha gari kwa mwenyewe likiwa halina. Themostati za magari mengi huanza kufunguka kati ya nyuzi 80 na 90 za Selsiasi, na kazi yake ni kuiwezesha injini kufikia mapema joto lake la kufanyia kazi na kubaki humo. Ikiondolewa, injini inachelewa kupata moto, kompyuta ya gari inaendelea kuihesabu kuwa ya baridi na kuiongezea mafuta, na unyevu unaoingia kwenye oili haupati joto la kuukausha. Baada ya muda mwenye gari anarudi na lalamiko jipya, kwamba gari linakula mafuta, na fundi yuleyule anamuuzia plagi na sensa ya oksijeni. Yaani anauziwa dawa ya ugonjwa aliousababisha fundi mwenyewe.

Langu lilipoanza kupandisha joto, gereji moja ilibadilisha rejeta, ikabadilisha pampu ya maji, kisha ikanitangazia kwamba gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya kichwa cha injini na bloku yake, imeungua na lazima injini ifunguliwe. Nilikataa injini isifunguliwe bila kipimo, nikalihamishia kwa fundi mwingine. Huyu alisubiri injini ipoe kabisa, akafungua kifuniko cha rejeta, akakigeuza na kunionyesha ndani yake. Mpira wa kuzuia ulikuwa umekakamaa na kupasuka upande mmoja, na springi ukiibonyeza kwa kidole gumba ilizama na kurudi polepole kana kwamba haina kazi. Kifuniko kile ndicho kinachoshikilia presha ya mfumo mzima, na namba kama 0.9 au 1.1 iliyoandikwa juu yake ndiyo kipimo cha presha hiyo, ikiwa ni nyongeza juu ya ile ya hewa ya kawaida, ambayo ni takriban 1. Maji matupu kwenye usawa wa bahari huchemka kwa nyuzi 100, lakini presha ikifika mara mbili ya ile ya hewa ya kawaida hayachemki mpaka yakaribie nyuzi 120. Kifuniko kikichoka, akiba yote hiyo inapotea, maji yanachemka mapema na kusukumwa nje, na rejeta mpya haiwezi kusaidia lolote. Aliyenifungia rejeta ile mpya alikishika kifuniko hicho kibovu kwa mkono wake na kukirudishia juu yake.

Na hata kama gasketi ingekuwa imeungua kweli, kuna namna ya kuthibitisha kabla ya kufungua boliti hata moja. Kuna kimiminika cha bluu kinachowekwa ndani ya mrija juu ya mdomo wa rejeta wakati injini inaunguruma. Hewa inayopanda ikiwa imebeba gesi ya moshi kutoka kwenye silinda, rangi hugeuka kuwa ya manjano. Kuna pia kipimo cha mgandamizo wa kila silinda. Kufungua injini kwa kukisia, huku vipimo hivyo vinafahamika, ni dharau kwa mwenye mali.

Hapo sijazungumzia ushauri wa kujaza maji ya bomba kwa madai kwamba kulanti, yaani kimiminika maalumu cha kupoza injini, ni ya nchi za baridi tu. Kulanti hulinda aluminiamu na chuma visiliwe na kutu, hupandisha kiwango cha kuchemka, na huzuia utando wa chumvi usijijenge ndani ya rejeta. Rangi yake peke yake haikuelezi aina yake, kwa hiyo anayechanganya ya kijani na ya pinki kwa sababu zote ni kulanti naye anabahatisha.

Taa ya injini imekuwa mlango mwingine wa kuingilia mfukoni mwetu. Mashine inachomekwa, inatoa namba, na namba hiyo inasomwa kama hukumu. Mashine haijasema kwamba kifaa fulani kimekufa. Namba P0171 inasema mchanganyiko una hewa nyingi kupita kiasi ukilinganisha na mafuta, na chanzo chaweza kuwa paipu ya mpira iliyopasuka baada ya sensa ya hewa, sensa hiyo kuchafuka, pampu ya mafuta kudhoofika au chujio lake kuziba. Namba P0420 inasema masega ya kwenye ekzosi hayasafishi moshi kwa kiwango kinachotakiwa. Inaweza kuwa masega yamekufa. Inaweza pia kuwa ekzosi inavuja mahali karibu na sensa na kuipotosha. Na masega yakiwa yamekufa kweli, lazima kuna kilichoyaua, mara nyingi injini inayochoma oili au silinda isiyowasha vizuri, na yatakayofungwa mapya yatakufa vilevile ikiwa chanzo hakijaguswa. Lakini ushauri tunaopewa ni kuyatoa tu. Wenye magari wengi hawaambiwi kwamba ndani ya masega kuna platinamu, paladiamu na rodiamu, madini ya thamani kubwa yanayotafutwa sana, wala hawaulizi kilichong'olewa kimepelekwa wapi.

Kinachoniudhi zaidi ni wale wanaofuta namba kwanza ndipo waanze kufikiri. Pamoja na namba, kompyuta ya magari mengi huhifadhi hali ya injini pale hitilafu ilipotokea: joto lake, kasi ya mzunguko, mzigo iliokuwa imebeba. Kumbukumbu hizo zingemwambia fundi kama tatizo hutokea injini ikiwa ya baridi au ikiwa imeshapata moto. Akifuta, amefuta ushahidi, na gari linalazimika kuharibika tena ndipo lichunguzwe.

Suala la betri ni jepesi, na kwa hiyo halina kisingizio. Betri iliyojaa na kupumzika kwa saa kadhaa husoma takriban volti 12.6, ikisoma chini ya 12.2 imepungua sana. Injini ikiwaka, magari mengi husoma kati ya volti 13.8 na 14.5 hivi, na usomaji ukibaki kwenye 12 wakati injini inaunguruma, altaneta au nyaya zake ndizo zinazoshukiwa. Kama kuchaji ni kuzuri na betri bado inakutwa imelala asubuhi, kinachotakiwa ni kupima umeme unaonyonywa gari likiwa limezimwa na mifumo yake imelala, ambao kwa kawaida hauvuki miliampia 50. Mita ndogo ya mkononi inatosha kwa vipimo vyote hivyo. Mtu kuuziwa betri mpya bila mita hiyo kugusa vichwa vya betri yake ya zamani, tena vikiwa vimejaa unga mweupe wa kutu ambao kuusafisha kungeweza kumaliza tatizo, ni jambo la aibu kwa anayeitwa fundi.

Kuhusu oili, lawama yangu inawagawia wauzaji wa magari sehemu yao. Injini iliyotengenezewa 5W-30 inajazwa 20W-50 kabla ya kuuzwa ili ipunguze moshi na kelele, na mnunuzi anaondoka akiamini amepata injini tulivu. Namba yenye W inaeleza tabia ya oili injini ikiwa ya baridi, na inayoifuata inaeleza uzito wake injini ikiwa na moto. Oili nzito kupita kiwango huchelewa kufika juu ya injini wakati wa kuwasha, na kwenye injini zinazobadilisha taimingi ya vali kwa nguvu ya oili, inapita kwa shida kwenye njia nyembamba zilizopimwa kwa oili nyepesi. Baadaye mnunuzi akianza kuona moshi wa bluu, anaambiwa injini imekwisha. Je, moshi huo unatoka wakati gani? Ukitoka kwa muda mfupi wakati wa kuwasha asubuhi kisha ukakatika, sili za vali zinashukiwa. Ukiendelea kila unapokanyaga mafuta, ringi za pistoni zinashukiwa. Fundi anaweza kupima mgandamizo wa silinda, akamimina oili kidogo kupitia tundu la plagi, akapima tena. Mgandamizo ukipanda, ringi zimechoka, na usipopanda, atazame vali. Kipimo hicho kinamwokoa mtu kununua injini nzima asiyoihitaji.

Giaboksi ndiyo imewaumiza wengi kimyakimya. Giaboksi ya CVT ina mkanda wa chuma na puli, inatumia oili yake maalumu, na kuijazia oili ya giaboksi za kawaida za otomatiki ni kuiharibu. Nimewahi kusikia fundi akimwambia mteja kwamba zote ni nyekundu, kwa hiyo ni moja. Aina ya oili imeandikwa kwenye kitabu cha gari, na kwenye baadhi ya magari hata kwenye kijiti cha kupimia. Aliyeshindwa kusoma hapo asiguse giaboksi ya mtu.

Mkanda wa taimingi nao unaendeshwa kwa maneno matupu. Muuzaji anasema umeshabadilishwa, hakuna risiti, hakuna kibandiko, hakuna kilomita zilizoandikwa popote. Watengenezaji hutofautiana, wengine huweka ukomo kwenye kilomita 60,000, wengine 100,000 au zaidi, na karibu wote huweka na ukomo wa miaka kwa sababu mpira huzeeka hata gari likiwa limeegeshwa. Kwenye injini nyingi mkanda ukikatika, pistoni hugonga vali. Kwa hiyo kauli ya muuzaji bila ushahidi ihesabiwe kuwa haujabadilishwa. Mafuta ya breki vilevile: hunyonya unyevu, na yale ya DOT 4, ambayo yakiwa mapya hayapaswi kuchemka chini ya nyuzi 230, yakishanyonya unyevu kiwango hicho chaweza kushuka hadi nyuzi 155. Kwenye mteremko mrefu pedali inazama, na mwenye gari anauziwa pedi.

Wapo mafundi wanaofanya kazi kwa heshima, na yule aliyekigeuza kifuniko cha rejeta mbele yangu ni mmoja wao. Nao wanalalamika kwamba wateja hawataki kulipia kipimo, wanataka kulipia kifaa tu kwa kuwa kifaa kinaonekana kwa macho. Lalamiko hilo ni la haki. Muda wa fundi anayepima ni kazi na ulipwe, hata pale jibu linapokuwa kwamba hakuna cha kubadilisha.

Ninachodai kwa gereji ni mambo ambayo hayahitaji mtaji. Kabla ya kifaa chochote kutolewa, mteja aambiwe ni kipimo gani kimefanyika na kimesoma nini. Kifaa cha zamani arudishiwe mkononi, hata kama ni chakavu. Aina ya oili iliyojazwa na kilomita za siku hiyo ziandikwe kwenye karatasi, kwa sababu hiyo karatasi ndiyo historia ambayo mnunuzi anayefuata ataikosa.

Na kwa wenzangu mnaojibu maswali ya wenye magari: mtu akiuliza kwa nini gari lake linachemka, msimwandikie "badilisha themostati" kabla hamjamuuliza linachemka wakati gani, kifuniko kikoje na feni inawaka au haiwaki. Wale mliowahi kudai kipimo mkakataliwa, andikeni hapa chini mliomba kipimo gani na mlijibiwa nini.