Lambo la kijiji chetu linatoa maji ya tope chini ya tuta, na ofisi inatujibu kwamba "ni dogo"

Wanajukwaa, salaam. Naandika nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha.

Lambo letu la kunyweshea mifugo lina tuta la udongo lisilofika hata mita nane kwenda juu. Upande wa chini wa tuta, mahali palipokuwa pakavu miaka yote, pametokea chemchemi, na tangu masika yaanze maji yake, yaliyokuwa maangavu, yamekuwa ya tope. Tumeandika barua na kupeleka picha. Tumejibiwa kwamba lambo ni dogo, hivyo halihitaji mhandisi.

Kila tuta la udongo hupitisha maji kidogo, na maji maangavu yakipimwa mara kwa mara hayatishi sana. Tope ni jambo jingine kabisa, kwa sababu maana yake ni kwamba udongo wa ndani unabebwa punje kwa punje, na tundu linaanzia pale maji yanapotokea na kula kurudi nyuma kuelekea bwawani, hadi siku litakapoyafikia maji yenyewe, ambapo tuta zima linaweza kuondoka kwa saa chache. Wapo waliopendekeza tuzibe chemchemi kwa saruji. Tusithubutu! Maji yakizibwa hapo yatatafuta njia nyingine ndani ya tuta. Kinachotakiwa ni tabaka za mchanga na kokoto zinazoruhusu maji kupita huku zikizuia udongo kutoka.

Linaloniudhi zaidi ni mkondo wa kumwagia maji ya ziada. Kiangazi kilichopita ulijazwa viroba vya mchanga, viongozi wakiona, ili lambo lihifadhi maji mengi zaidi. Tuta la udongo si zege: maji yakipita juu yake huchimba mteremko wa chini na kulikata. Nafasi iliyoachwa kati ya usawa wa mkondo huo na kilele cha tuta iliachwa kwa ajili ya mvua kubwa, na sisi tumeitumia kuweka akiba. (Mikaratusi iliyopandwa juu ya tuta "kushika udongo" nayo ni balaa, kwani mizizi ikifa na kuoza huacha mashimo.)

Wanaosema lambo dogo haliui watazame Solai, katika kaunti ya Nakuru nchini Kenya. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, bwawa la udongo la shamba binafsi lilipasuka na kuua watu wapatao 48, wengi wao wakiwa majumbani mwao. Kwetu pia kuna kaya chini ya tuta, na hapa Tanzania Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inagusa usalama wa mabwawa.

Tunataka viroba viondolewe leo, maji yapunguzwe taratibu, maana yakishushwa ghafla mteremko wa ndani uliolowa unaweza kuporomoka, na mhandisi wa mabwawa afike kabla ya mvua nyingine kubwa. Hadi hapo, kaya za bondeni zisilale huko. Na huyo aliyeandika kwamba lambo halihitaji ukaguzi atutajie kwa maandishi ni nani aliyekwenda kulitazama, na lini, kwa sababu sisi tunaoishi hapa hatujamwona.