Mrejesho: ile saa ya Speedmaster ya marehemu baba mdogo

Wakuu, nimerudi. Niliuliza hapa kama saa hiyo ya Omega niliyorithi ina mashine ya 321, aina ile iliyofika mwezini 1969. Jana fundi kafungua mfuniko wa nyuma mbele yangu: hamna gurudumu la nguzo, kile kigurudumu cha 321 kinachowasha na kuzima kronografu (sehemu ya kupimia muda). Ni mashine ya 861, iliyoanza kutumika 1968. Roho iliniuma kidogo.

Halafu akazima taa. Mishale inawaka kama ya dukani! Chini kwenye uso wa saa pameandikwa T mbili, yaani tritiamu, kitu chenye mionzi kinachofanya rangi ing'ae gizani, na hiyo hupungua nusu kila miaka 12 hivi. Ilitakiwa iwe imeshafifia kabisa. Basi mishale imepakwa upya, au imebadilishwa. Bodi ya saa sijaisugua ing'ae, mlionikataza asanteni. Mshale wa kronografu sasa unarudi sifuri vizuri. Siuzi.