Naomba ushauri: kiti chepesi cha kupandia mti, kuwinda kulungu Ohio

Habari zenu wakuu. Nawinda kwa upinde; kutoka gari hadi mtini ni kilomita 2. Kiti changu cha alumini kina vipande viwili, cha kukalia na jukwaa la kukanyagia, ambavyo hushika shina na kupandishwa kwa zamu. Kina kilo 9, na vipande hivyo hugongana mgongoni nikikibeba. Nimevifunga kwa mikanda ya mpira, kelele imepungua tu. Shina likizidi kuwa jembamba juu, jukwaa huinama mbele, hivyo huanza chini nikiwa nimeinua ncha yake. Mkanda wa usalama navaa tangu ardhini, na vipande nimeviunganisha kwa kamba (msinihubirie hilo!).

Aina ya kilo 6 hadi 7, isiyo na fremu ya mbele ya mkaaji, inavumilika kukalia saa 4? Na kwenye magome yanayobanduka, kebo ya kuzungushia shina inashika vizuri kuliko mnyororo?