Je, niendelee kukesha kwa ajili ya Georgetown?

Mkaazi wa Langoni, Lamu

Assalaam alaikum. Tangu Machi 2021 naishabikia timu ya mpira wa kikapu ya Chuo Kikuu cha Georgetown, kilichoko Washington. Majira yao ya baridi, ambayo kwetu huwa ni kaskazi, hututenganisha kwa saa nane, kwa hivyo mchezo unaoanza kwao saa moja jioni hunikuta juu ya paa saa tisa za usiku, simu nimeiegemeza kwenye chupa ya chai ili mikono ipate kukaa ndani ya shuka. Kukesha sikuonei haya, ila kukesha ili nitazame timu yangu ikifungwa.

Mwaka ule ilimaliza ya nane katika ligi ya Big East, kisha katika mashindano ya kufunga msimu wa ligi hiyo ikashinda michezo minne mfululizo kwenye ukumbi wa Madison Square Garden, New York, na kutwaa kombe kwa kuifunga timu ya chuo cha Creighton 73 kwa 48. Msimu uliofuata ilicheza michezo 19 ya ligi na ikafungwa yote. Wenzangu wa barazani wanalaumu kanuni mpya: kwamba tangu 2021 mchezaji anaweza kuhama chuo bila kukaa nje msimu mzima, na anaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya jina na sura yake, basi vyuo vyenye fedha hujichagulia wawatakao. Ni kweli, ama ni udhuru? Kocha alikuwa Patrick Ewing, yule yule aliyekipa chuo hicho ubingwa wa taifa 1984 akiwa mchezaji, na mimi nashindwa kumlaumu.

Mzee wa Shella, Malindi

Waalaikum salaam, mwanangu. Ni udhuru. Timu ya Chuo Kikuu cha Connecticut imo katika ligi hiyo hiyo, inafuata kanuni hizo hizo, nayo ilitwaa ubingwa wa taifa 2023 na tena 2024.

Ewing alipokabidhiwa timu mwaka 2017 hakuwa amewahi kuwa kocha mkuu popote, ingawa alikuwa msaidizi kwa miaka mingi. Huko kwenu Lamu, siku ya mashindano ya majahazi, baharia anayekaa kwenye ubao nje ya chombo ili kisipinduke husifiwa mji mzima, lakini sijaona akipewa usukani kwa sababu hiyo peke yake. Chuo kilimpenda mwana wa nyumbani hata kikaona vibaya kumwambia ukweli, na baada ya msimu ule wa vipigo 19 kikamwacha aendelee. Aliachishwa kazi Machi 2023, baada ya kushinda michezo 7 na kupoteza 25 msimu huo. Hata Ed Cooley, kocha waliyemchukua kutoka chuo cha Providence, alipoteza 23 katika msimu wake wa kwanza. Nyumba iliyooza boriti haisimami kwa kupakwa chokaa.

Binti wa Mkomani

Shikamoo, mzee wangu. Kuhusu kocha nakubali, ila kuhama si jambo dogo. Qudus Wahab, Mnigeria mrefu waliyemtegemea chini ya kikapu, alihamia chuo cha Maryland mara tu baada ya kombe lile, akarudi 2022, kisha akaondoka tena. Wachezaji wasiokaa pamoja hawawezi kujuana kiasi cha mmoja kutoa pasi bila kumtazama mwenzake, na hilo ndilo nililokuwa nikilikosa kila nilipowatazama.

Hata hivyo mimi siiachi timu iliyomlea Dikembe Mutombo, aliyetoka Kinshasa 1987 kwa udhamini wa masomo akitaka kuwa daktari, akaishia kuzuia mipira ya watu, na bado mwaka 2007 akafungua hospitali mjini kwao kwa jina la mama yake.

Nawe kaka, nani amekulazimisha saa tisa? Michezo ya Jumamosi inayoanza kwao saa sita mchana hutukuta saa mbili za usiku.

Mkaazi wa Langoni, Lamu

Shikamoo, mzee, na ahsanteni nyote wawili. Naona nilikuwa nikimtetea Ewing kwa sababu ya picha zake za 1984, na picha hazipangi ulinzi. Msimu wa 2024-25 timu ilishinda michezo mingi kuliko iliyopoteza, kwa hivyo siondoki. Michezo ya Jumamosi nitaitazama baada ya isha. Ile ya saa tisa nitauliza matokeo nikitoka msikitini alfajiri.