Tupeane uzoefu: siku uliyodai risiti kwa mtumishi wa umma

Mleta mada, Tororo

Ndugu zangu, naomba leo tusirudie majina ya wakubwa. Hapa Uganda, wizi wa mabati yaliyokusudiwa wakazi maskini wa Karamoja tumeujadili tangu 2023, mawaziri watatu walipofikishwa mahakamani, na fedha za kuijenga upya Kaskazini zilizochotwa katika Ofisi ya Waziri Mkuu tulizijadili mwaka 2012, hadi wafadhili wakasimamisha misaada yao. Ninachotaka kusikia ni kile kilichokupata wewe mwenyewe siku ulipomwambia mtumishi wa umma, "Naomba risiti," au, "Naomba kuona hesabu." Wezi wako kila nchi. Kinachonichosha hapa kwetu ni kwamba anayeulizwa ndiye hukasirika, na anayeuliza ndiye huonekana mkosaji.

Naanza na langu. Mwaka jana mpwa wangu, ambaye huendesha bodaboda, alikamatwa katika msako wa usiku, nami nikaenda kumwekea dhamana. Ukutani mwa kituo hicho, juu ya meza ya zamu, pameandikwa kwa rangi nyekundu kwamba dhamana ya polisi hailipiwi. Afisa wa zamu alikuwa amekaa chini kabisa ya maandishi hayo, akaniambia kwa upole kwamba fomu zimekwisha na gari halina mafuta, kwa hiyo nitafute elfu hamsini. Nikatoa. Kisha, sijui ujasiri ulitoka wapi, nikamwomba aniandikie kwamba amezipokea. Hakufoka. Alizirudisha mezani zile noti tano za elfu kumi, akazipanga moja baada ya nyingine, akasema, "Basi mzee, tusubiri mpaka fomu zije."

Fomu zilikuja siku ya tatu, ingawa Katiba inataka mtu afikishwe mahakamani ndani ya saa 48. Dada yangu, mama wa kijana huyo, tangu siku ile hajaniomba tena ushauri wowote.

Mama wa watoto wanne, Busia

Pole sana, mzee wetu. Mimi ninayoyakumbuka ni ya chumba cha kujifungulia.

Ada za wagonjwa katika vituo vya afya vya serikali zilifutwa mwaka 2001, na nilipokuwa na mimba ya mtoto wa mwisho niliambiwa kliniki kwamba vifaa vyote vya kujifungulia vipo. Nilipofika usiku, uchungu ukiwa umeshika, muuguzi aliniuliza kama nimekuja na glovu, pamba, wembe na karatasi ya plastiki ya kutandika. Sikuwa navyo. Akamwelekeza mume wangu kwenye duka la dawa lililo ng'ambo ya barabara, ambalo, kwa bahati nzuri isiyo ya kawaida, lilikuwa wazi saa nane za usiku. Mume wangu alirudi na kila kitu, pamoja na sindano ya kuzuia damu ambayo boksi lake lilikuwa limepigwa maandishi kwamba ni mali ya Serikali ya Uganda na haiuzwi.

Alikuwa ameinunua. Akalishika boksi lile mbele ya muuguzi na kumwuliza lilifikaje dukani. Muuguzi alinitazama mimi niliyelala kitandani, si yeye, akasema, "Mama, mwambie bwana wako atulie, bado tuna kazi ya kufanya hapa." Nikamwambia mume wangu atulie. Ningefanya nini? Maisha yangu na ya mtoto yalikuwa mikononi mwa mtu yule yule aliyepaswa kuulizwa. Boksi nililihifadhi kwa muda mrefu ndani ya sanduku la nguo, halafu panya wakalitafuna.

Mwalimu mstaafu, Arua

Mleta mada ametaja hesabu, nami hapo nina la kusema, kwa sababu niliwahi kuona jambo hili likifanyika vizuri. Vijana wengi hudhani kwamba haijawahi kuwezekana.

Nilianza kufundisha shule ya msingi mwaka 1988. Miaka hiyo tulijua kwamba serikali hutoa ruzuku kwa kila mwanafunzi, lakini chaki tulinunuliwa na wazazi. Baadaye ulifanyika uchunguzi, kwa msaada wa Benki ya Dunia, wa kufuatilia fedha za miaka ya 1991 hadi 1995 kutoka Kampala hadi mlangoni mwa shule, na ikabainika kwamba kwa wastani ni asilimia 13 tu ya ruzuku hiyo iliyofika. Kilichofuata hakikuwa tume wala semina. Serikali ilianza kuchapisha magazetini kiasi kilichotumwa kila wilaya, na kila shule ikaagizwa kubandika ukutani kiasi ilichopokea. Miaka michache baadaye uchunguzi wa marudio ulikuta kwamba sehemu kubwa ya fedha sasa inafika. Wataalamu bado wanabishana ni kwa kiasi gani tangazo lenyewe ndilo lililoleta mabadiliko hayo. Mimi nitasema niliyoyaona kwenye mlango wa ofisi ya mwalimu mkuu wetu, baada ya elimu ya msingi bila ada kuanza mwaka 1997.

Karatasi ilibandikwa kwa gundi ya unga wa muhogo. Mzee mmoja asiyejua kusoma alikuja na mjukuu wake wa darasa la nne, akamsimamisha mbele ya mlango na kumwambia asome kwa sauti. Mtoto akasoma tarakimu. Mzee akamrudisha mwanzo, akasoma tena. Kisha mzee akaingia ofisini na kuuliza, bila hasira yoyote, madawati yako wapi. Mwalimu mkuu, ambaye hakuwa mtu mbaya, alitokwa jasho kama mtahiniwa. Muhula ule madawati kumi na mawili yalitengenezwa na fundi wa pale pale kijijini.

Sasa nije kwenye uzoefu wangu. Nilihamishiwa shule nyingine, na huko mlango ulikuwa mtupu. Katika kikao cha walimu niliuliza kwa nini hatubandiki hesabu, nikajibiwa, "Mwalimu, wewe umeajiriwa kufundisha au kukagua?" Wenzangu walicheka, wengine kwa woga tu. Muhula uliofuata barua ikaja: nahamishwa kwa maslahi ya utumishi, kilomita zaidi ya hamsini kutoka nyumbani, mke wangu akiwa mgonjwa. Ipo sheria ya 2010 inayomlinda mfichuaji na hata kumwahidi asilimia tano ya fedha zitakazookolewa. Niliisoma yote. Lakini uhamisho ulioandikwa kwa adabu kama ule, nani angeuhesabu kuwa kipigo?

Kijana wa Nakawa, Kampala

Mimi niliuliza barabarani. Mwanzoni mwa 2024 nyaraka za matumizi ya Bunge zilianikwa mitandaoni, na tarehe 23 Julai tukatoka kwenda Bunge kuuliza kwa miguu yetu. Sikufika hata karibu na lango. Makumi ya vijana walikamatwa, wengi wakashtakiwa kwa kuwa kero kwa umma. Mama yangu alinifungia simu kabatini wiki nzima.

Dada wa Bweyale

Naomba nisichukiwe kwa nitakayoyasema. Wakati wa kampeni nilipokea kutoka kwa mgombea mmoja sabuni mche mmoja, kilo ya chumvi na elfu tano, na niliposaini daftari la aliyegawa sikudai hesabu ya mtu. Miaka miwili baadaye nikaenda kwa mheshimiwa yule yule kuuliza habari za kisima alichoahidi. Akaniambia, akitabasamu, "Dada, mimi na wewe si tulimalizana?" Nilikosa la kujibu, na hadi leo silo jibu lililoniuma zaidi, bali jinsi alivyokumbuka sura yangu.

Mleta mada

Dada, hakuna wa kukuchukia hapa. Mimi mwenyewe nilitoa elfu hamsini kabla ya kuomba risiti. Kwa Sheria ya Kupambana na Rushwa ya 2009 mtoaji na mpokeaji wote wana hatia, na naamini ndiyo sababu sikwenda kushtaki. Mwenye kujua njia ambayo haianzi kwa mtu kujitia hatiani mwenyewe, aielezee.

Mkulima, Masindi

Nilijaribu njia moja, ingawa haijafika mwisho. Mpango wa Maendeleo ya Parokia ulipozinduliwa mwaka 2022 tuliambiwa kwamba kila parokia, yaani eneo dogo la utawala wa serikali, si la kanisa, itapata shilingi milioni 100, na kaya iliyokubaliwa itakopeshwa milioni moja. Kwetu wakaanza kutuomba "ya kujaza fomu", na majina ya waliopata hayakubandikwa popote. Mwanangu aliyeko chuoni akanieleza kwamba Sheria ya Upatikanaji wa Taarifa ya 2005 inampa kila raia haki ya kuomba nyaraka, na ofisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 21.

Tuliandika barua mbili, moja ya kuwaachia na moja ya kubaki nayo. Karani wa gombolola, yaani tarafa yetu, aliigeuza, akaangalia nyuma, akaniuliza nani kanituma. Nikasema nimejituma. Akaniuliza niko chama gani. Nikasema nina ekari mbili za mahindi. Alikaa nayo hadi saa saba mchana, nami nikakaa benchini, kwa kuwa mwanangu alinionya nisiondoke bila mhuri. Mwishowe aliupiga kwa nguvu hadi wino ukachanua, tarehe ikasomeka kwa shida.

Siku ya 21 ilikuwa Ijumaa iliyopita. Jumatatu narudi na nakala yangu. Nimeiweka ndani ya mfuko wa plastiki kwa sababu ya mvua, na safari hii jirani zangu watatu wamesema watakuja kukaa nami benchini.