Naomba ushauri: wazazi wenye uwezo wamehama Goma, mfuko wa walimu umekauka

Ndugu wanakikundi, salamu kutoka Goma. Ninahudumu katika kamati ya wazazi ya shule moja ya hapa mtaa wa Himbi, ambayo mfuko wake wa walimu ulitegemea familia chache zenye uwezo, yaani wafanyabiashara, madaktari na wenye nyumba za kando ya ziwa. Novemba 2012, kundi la waasi la M23 lilipoushika mji na kuuacha mwanzoni mwa Desemba, wengi wao walivuka mpaka kwenda Gisenyi, Rwanda, wakarudi upesi. Safari hii, tangu mji uchukuliwe tena na M23 Januari 2025 na benki kufungwa, wamehamishia watoto wao Kigali na Kinshasa, huku nyumba zao zikiendelea kupangishwa hapa kwa dola. Siwalaumu kwa kukimbia. Kinachoniumiza ni walimu waliobaki, ambao hawana pa kwenda. Tumewapigia simu wazazi hao waliohama, wakatupokea kwa upole, lakini mchango haukuja.

Je, ni haki kamati kumdai mzazi aliyeahidi kwa maandishi, ikiwa mtoto wake hasomi tena hapa? Na ninyi wa Bukavu, mlioyapitia haya tangu Februari 2025, mliwaendea wazazi wenu wenye uwezo kwa njia gani hadi wakakubali kutoa?